Kabla ya Kununua Santuri ya Kwanza

Swali la kama nianze kukusanya santuri lilinikaa kichwani muda mrefu kabla sijanunua hata moja, na kadiri nilivyouliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba wengi wa walionijibu walikuwa wakijibu swali jingine. Niliambiwa kwamba sauti ya santuri ni tamu kuliko ya simu. Niliambiwa kwamba santuri zinapanda thamani. Wengine walinionyesha rafu zao, zimepangwa vizuri, majalada yakipendeza kwa rangi, kana kwamba rafu ni hoja. Hakuna aliyetaka kujua mimi husikiliza muziki saa ngapi, nikiwa nafanya nini, na kwa muda gani kabla sijachoka. Leo, baada ya kuishi na mashine ya santuri kwa miaka kadhaa, naona kwamba hayo ndiyo ya kuulizwa kwanza, na kwamba mengine yote, pamoja na ule ubishi usiokwisha kuhusu ubora wa sauti, yanaweza kusubiri.

Sikujificha kuhusu chanzo cha hamu yangu. Santuri zilikuwa zimerudi, nami nilizishuhudia zikirudi kama kila mtu. Santuri ndefu ya inchi 12, inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, ilitolewa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948. Mwaka uliofuata RCA Victor wakaleta ile ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45. Aina hizo mbili zilitawala muziki wa nyumbani kwa miongo mingi, kisha kaseti, na baadaye CD iliyoingia sokoni mwaka 1982, zikazisukuma pembeni mpaka ikadhaniwa kwamba zimekwisha. Mwaka 2020 mapato ya santuri nchini Marekani yalizidi ya CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980, na mwaka 2022 hata idadi ya santuri zilizouzwa huko ikaipita ya CD. Habari za namna hiyo humfanya mtu ahisi kwamba shughuli imeanza bila yeye, na nilijua kwamba sehemu kubwa ya hamu yangu ilitoka huko. Sehemu hiyo niliamua kutoisikiliza. Kurudi kwa santuri kuna faida moja ya kweli kwa anayeanza, nayo ni kwamba mashine mpya, sindano za akiba na matoleo mapya ya albamu za zamani sasa vinapatikana bila kuhangaika sana. Zaidi ya hapo, wingi wa wanunuzi haumwambii mtu chochote kuhusu jioni zake mwenyewe.

Suala la sauti ndilo lililonichukua muda zaidi, na sijutii, kwa sababu ili kuliamua ilinibidi nielewe santuri inavyofanya kazi. Kila upande una mfuo mmoja tu, mchirizi mwembamba unaoanzia ukingoni na kujizungusha hadi karibu na lebo. Mfuo wa upande wa dakika 20 na ushei ungeweza kunyooshwa ungefikia karibu nusu kilomita. Kuta zake mbili zimechongwa kwa mawimbi ya muziki, ukuta mmoja ukibeba sauti ya kushoto na mwingine ya kulia. Ncha ya almasi ya sindano inapopita humo hutikisika, na katriji, kile kifaa kidogo kinachoishika sindano, huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, ilhali mashine ya CD hutoa volti 2 hivi. Umeme huo lazima ukuzwe. Tena lazima usawazishwe, kwa kuwa wakati wa kukata santuri besi hupunguzwa makusudi ili mfuo usitanuke mno, na sauti za juu huongezwa ili zisimezwe na chakacha ya plastiki. Amplifaya ya fono hurudisha kila kitu mahali pake kwa kufuata kanuni ambayo viwanda vya Marekani viliifikia katikati ya miaka ya 1950. Nilipoelewa hilo, madai kwamba santuri hutoa sauti asilia isiyoguswa na mtu yalinipotezea nguvu. Imeguswa sana, na kwa ustadi mkubwa.

Ipo pia mipaka ambayo hakuna fundi anayeweza kuikwepa. Santuri huzunguka kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, lakini duara la ukingoni ni refu na la karibu na lebo ni fupi, kwa hiyo sindano iliyokuwa ikipita juu ya sentimita 50 hivi za mfuo kwa kila sekunde mwanzoni mwa upande hubakiwa na sentimita 20 na kitu mwishoni. Mawimbi hubanana, na zile sauti za s na sh kinywani mwa mwimbaji huanza kukwaruza masikio. Watayarishaji wa zamani walilijua jambo hili, na mara nyingi waliufunga upande kwa wimbo mtulivu. Tofauti kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, ambayo kwa CD hufikia desibeli 96 kinadharia, kwa santuri nzuri huwa karibu desibeli 70 au chini yake. Kwa vipimo, basi, mshindani wa santuri alishashinda zamani.

Mbona basi wapo watu wengi, nami nikiwa mmoja wao, wanaosikia santuri fulani ikinoga kuliko faili la albamu ileile? Rafiki yangu mmoja mwenye santuri nyingi alikubali kunifanyia jaribio: alipiga albamu moja baada ya nyingine, mara kutoka kwenye santuri, mara kutoka mtandaoni, akihakikisha kwamba kiwango cha sauti ni kilekile, nami nikiwa nimemgeuzia mgongo. Kwa albamu kadhaa sikuweza kutofautisha, isipokuwa pale punje ya vumbi ilipoisaliti santuri. Kwa albamu moja ya zamani tofauti ilikuwa wazi, na niliyoipenda ilikuwa santuri. Tulipochunguza tuliona kwamba nakala ya mtandaoni ilitokana na toleo lililotayarishwa upya katika kile kipindi cha miaka ya 1990 na kuendelea, ambapo kampuni za muziki zilishindana kupandisha sauti mpaka mnong'ono na kishindo cha ngoma vikawa karibu na kimo kimoja. Santuri ilikuwa imetoka kabla ya ushindani huo. Nilichokuwa nimekipenda ni kazi ya mtayarishaji, na plastiki ilikuwa chombo tu kilichoibeba. Ipo hata mifano ya kinyume, ambapo toleo la CD limetayarishwa kwa uangalifu na la santuri limefanywa kwa haraka ili kuwahi wanunuzi.

Tukio la mwaka 2022 lilinimalizia mjadala huo. Ilibainika kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayoheshimiwa na wapenzi wa sauti safi, ilikuwa imepitisha baadhi ya matoleo yake katika hatua ya kidijitali, ilhali wanunuzi wengi waliamini kwamba yametoka kwenye tepu moja kwa moja bila hatua hiyo. Watu waliokuwa wakiapa kwamba masikio yao huitambua dijitali mara moja walikuwa wameyasifia matoleo hayohayo kwa miaka. Sisemi hili kwa kuwacheka. Santuri hizo zilisikika vizuri kwa sababu zilitayarishwa vizuri. Ila sikuweza tena kukubali kwamba sauti peke yake iniamulie.

Nikabaki na lile suala ambalo hakuna aliyelitaja. Santuri ni chombo chenye masharti. Upande mmoja ni dakika 20 hivi. Ukitaka kuruka wimbo, lazima uinuke, unyanyue mkono wa sindano, ukisie kwa macho ule ukanda laini unaotenganisha nyimbo, na kuushusha tena taratibu. Upande ukiisha, lazima ugeuze. Usipogeuza, katika mashine nyingi sindano itaendelea kuzunguka pale mwishoni hadi uikumbuke. Wapo wanaoyaona haya kuwa usumbufu na wapo wanaoyaona kuwa ndiyo raha yenyewe, na mtu hawezi kujua yuko kundi gani kwa kuwaza tu. Anaweza, hata hivyo, kujaribu bila kununua chochote. Nilichukua albamu nzima mtandaoni, nikaiacha kompyuta iipige kwa mpangilio wake, simu nikaiweka chumba kingine, na kila zilipotimia dakika 20 hivi nikaisimamisha na kuketi kimya kidogo. Kuendelea na sehemu iliyobaki kulinilazimu kusimama na kwenda kuibonyeza. Zile albamu nilizosahau kwenda kuziendeleza zilinifundisha sawa na zile nilizozikimbilia.

Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi, na picha iliyojitokeza haikufanana na ile niliyokuwa nayo kuhusu nafsi yangu. Sehemu kubwa ya muziki ninaosikiliza huwa ni wa kusindikiza kazi: ninaandika, ninafua, ninapanga vitu. Kwa saa hizo santuri ni kero tupu, kwa kuwa kila ninapoanza kuzama kazini ndipo inapoisha. Zipo albamu ambazo ningeapa kwamba nazipenda, kumbe nazipenda nyimbo mbili, nyingine nilikuwa nikiziruka tangu ujana. Upande mwingine, kulikuwa na saa moja hivi usiku, shughuli zikiwa zimekwisha, ambayo niliweza kuketi na albamu ya jazi au ya muziki wa ala kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutaka kufanya kingine chochote. Na katika saa hiyo nilikutana na nyimbo za katikati, zile ambazo hazikuwahi kuvuma, nikazisikia kwa mara ya kwanza ingawa zilikuwa mikononi mwangu miaka yote. Saa hiyo moja ndiyo iliyonipeleka kununua mashine. Wala haikunipeleka kununua santuri mia. Jaribio liliniachia orodha ya albamu chache ambazo nilithibitisha kwamba ninaweza kukaa nazo, na orodha hiyo fupi ilinifaa kuliko ushauri wowote niliopewa.

Nilimpendekezea mwenzangu mmoja wa kazini jaribio hilohilo. Akalifanya kwa uaminifu, akaona kwamba muziki wake wote umo njiani na mazoezini, akanunua vipokea sauti vizuri vya masikioni, na hajawahi kulijutia hilo. Nauona uamuzi wake kuwa sahihi sawa na wangu.

Baada ya kuamua kwamba nitanunua, nililishughulikia suala la mashine kwa tahadhari, maana hapo ndipo fedha hupotelea. Zile mashine ndogo zenye umbo la sanduku la kubebea, spika zikiwa ndani yake, huvutia kwa urahisi wake, na kwa mtu anayetaka kujua tu kama atapenda kugeuza santuri siwezi kusema kwamba hazina kazi. Tatizo ni kwamba nyingi hutumia katriji za kauri zinazokandamiza mfuo kwa uzito wa gramu 5 hivi, wakati katriji nyingi za sumaku huhitaji gramu 1.5 hadi 2.5, na mara nyingi hazina njia ya kurekebisha uzito huo wala ya kubadilisha katriji. Tena spika zinazotikisa sanduku huitikisa na sindano iliyo juu ya sanduku hilohilo. Nilichagua mashine iliyotumika, ya muundo wa kawaida, isiyo na mapambo, lakini yenye mkono wa sindano unaoweza kusawazishwa kwa uzani wa nyuma. Kama inazungushwa na mkanda au na mota yake moja kwa moja, kwa msikilizaji wa nyumbani si jambo la kumkosesha usingizi. Mikanda hubadilishwa, na mashine za mota ya moja kwa moja, kama Technics SL-1200 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1972, zimedumu miongo mingi katika mikono ya madijei.

Fedha iliyobaki niliielekeza kwenye katriji na sindano mpya, na ningemshauri yeyote afanye hivyo, kwa sababu sindano ndiyo sehemu pekee inayogusa muziki. Kwa kawaida sindano ya almasi huhesabiwa kudumu kati ya saa 500 na 1,000 za kupiga. Kwa anayesikiliza saa moja kila usiku, hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu hadi karibu mitatu, na baada ya hapo ncha iliyochakaa huanza kuichonga upya santuri ambayo huenda haipatikani tena. Kwa hiyo anayenunua mashine ya zamani bila kujua historia yake adhanie tu kwamba sindano imekwisha. Mizani ndogo ya kupima uzito wa sindano nayo ni kifaa cha bei ndogo kinachoondoa kubahatisha. Hofu ya wanaoanza huwa ni uzito kuzidi, ilhali uzito ukipungua mno sindano huruka na kugongagonga kuta za mfuo, jambo ambalo nalo huharibu.

Mahali pa kuiweka mashine panahitaji mawazo kuliko nilivyotegemea. Sakafu ya nyumba yangu hutikisika kidogo mtu anapopita, na sindano iliruka kila mtoto alipokimbia. Nilipoihamishia kwenye rafu iliyofungwa ukutani tatizo likaisha. Spika nazo hazifai kukaa meza moja na mashine, kwani mtikisiko wa besi hupanda hadi kwenye sindano, ukakuzwa tena na kurudi kwenye spika, mpaka chumba kizima kikajaa mngurumo. Na kabla ya kulipa, mtu ahakikishe kama amplifaya aliyonayo ina mlango wa fono. Kama haina, atahitaji kisanduku cha kati cha kukuza na kusawazisha, la sivyo atasikia sauti hafifu, isiyo na besi, na kudhani kwamba mashine ni mbovu.

Jambo la nafasi na uzito wengi hulichekea. Santuri moja ndefu pamoja na jalada lake ina kama robo kilo, ambayo si kitu mkononi, lakini mia moja ni kati ya kilo 20 na 30, na mita moja ya rafu huingiza zaidi ya 200. Rafu za mbao nyembamba hupinda katikati. Anayehama nyumba mara kwa mara aufikirie mgongo wake kwanza. Santuri hutunzwa wima, zikiwa zimesimama karibu bila kubanana. Zikilazwa moja juu ya nyingine zile za chini hupinda na majalada huchorwa alama ya duara. Adui yao mkubwa ni joto, kwa kuwa plastiki hiyo hulainika kabla hata maji hayajachemka, na santuri iliyoachwa dirishani penye jua au ndani ya gari lililofungwa mchana inaweza kujikunja kwa saa chache. Unyevu hauidhuru sana santuri yenyewe, ila huleta ukungu kwenye majalada na mifuko ya ndani. Katika nyumba yangu sehemu moja tu ilitimiza masharti haya yote, ukuta wa ndani usiofikiwa na jua, na upana wa ukuta huo ndio uliokuja kuniwekea kikomo ambacho sikuwa nimekipanga.

Ununuzi wa santuri zilizotumika ni elimu peke yake, na hapo ndipo nilipofurahia kuliko nilivyodhani. Wauzaji wengi hufuata madaraja yaliyoenezwa na jarida la Goldmine la Marekani, na anayeanza lazima ajue kwamba katika madaraja hayo santuri iliyoandikwa kuwa nzuri ni ile ambayo mtu mwenye masikio makini hataivumilia, yenye mikwaruzo inayosikika wimbo mzima. Inayofaa kusikilizwa kwa utulivu ni ile iliyopanda daraja mbili au tatu juu ya hapo. Nilijifunza kuishika santuri kwa ukingo na lebo, kuinamisha chini ya taa moja yenye mwanga mkali, na kutofautisha mikwaruzo myembamba ya mfuko wa karatasi, ambayo mara nyingi haisikiki, na ule mkwaruzo ambao ukucha unaupata ukipitishwa juu yake taratibu. Uchakavu wa sindano nzito hauonekani kama mkwaruzo. Hujitokeza kama weupe hafifu, rangi ikiwa imepauka, na santuri ya namna hiyo inaweza kung'aa kwa mbali na bado ikakoroma katika kila wimbo. Nikiruhusiwa, huomba ipigwe wimbo wa mwisho wa upande, kwa sababu pale karibu na lebo ndipo madhara hujitokeza kwanza.

Kuna pia yale maandishi madogo yaliyochongwa katika ule ukanda laini kati ya mwisho wa muziki na lebo. Hayo hutambulisha kutoka kwenye nakala gani santuri ilichapwa, na kwa kuyalinganisha na orodha za Discogs, hifadhidata iliyoanzishwa mwaka 2000 na inayojengwa na watumiaji wenyewe, mtu anaweza kujua kama anachouziwa ni toleo la mwanzo au la miaka mingi baadaye. Ujuzi huo unamsaidia mnunuzi asidanganywe, lakini una mtego wake, kwani taratibu unaanza kuwinda namba na kusahau muziki. Toleo la mwanzo si lazima lisikike vizuri kuliko la baadaye. Nimewahi kusikia matoleo mapya yaliyofanywa kwa makini yakiwapita wazee wao waliochoka, na vilevile matoleo mapya mazito ya gramu 180 ambayo uzito wake haukuwa na lolote la kuongeza zaidi ya kupinda kwa shida kidogo. Kuhusu thamani kupanda, nilishalifuta mapema: zinazopanda ni chache, lazima zitunzwe karibu bila kupigwa, na mimi nilikuwa nanunua ili nipige.

Anayerithi santuri za zamani sana kutoka kwa wazee wake achukue tahadhari ya aina nyingine. Zile nzito zinazovunjika kama kigae, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na mfuo wake ni mpana mara kadhaa kuliko wa santuri ndefu. Zinahitaji sindano yake maalumu na mashine yenye kasi hiyo, na hazisafishwi kwa kitu chochote chenye spiriti, kwa sababu huyeyusha shelaki. Santuri za kawaida za plastiki hazina makuu: brashi ya nyuzi laini za kaboni kabla ya kila kupiga, na kwa zile zilizonunuliwa zikiwa na uchafu wa miaka, kuoshwa kwa maji yaliyochujwa chumvi pamoja na tone la sabuni laini, kusuuzwa, na kukaushwa zikiwa wima, lebo zikilindwa zisilowe. Sehemu kubwa ya milio niliyodhani kuwa ni uharibifu ilikuwa ni uchafu tu.

Katika kuzunguka huko nimewafahamu watu ambao wana santuri nyingi kuliko watakazoweza kuzisikiliza katika maisha yao, baadhi zikiwa bado na plastiki ya dukani. Mwanzoni nililiona hilo kuwa kichekesho. Baadaye nilipoketi nao nikaona kwamba wanachokipenda ni cha kweli: jalada la inchi 12 ni sanaa yenye ukubwa wa kutazamika, maelezo ya nyuma yanawataja wapigaji ambao mtandaoni hawatajwi, na kutafuta kitu adimu kwa miaka kisha kukipata ni furaha ambayo haihitaji sindano. Tofauti ni kwamba wao ni wakusanyaji na mimi ni msikilizaji, na anayeanza atajiokolea mengi akijua mapema yeye ni yupi, kwa kuwa mkusanyaji anaongozwa na kile kinachokosekana rafuni, na msikilizaji anaongozwa na kile atakachopiga usiku huo. Nikienda dukani na hao marafiki narudi na santuri moja au mikono mitupu, wao wakirudi na mifuko, na hatugombani. Kuna hoja moja tu yao ambayo bado inanigusa, kwamba ipo miziki ambayo haikuwahi kuhamishiwa mtandaoni na ambayo itapotea asipokuwapo mtu wa kuinunua hata kama hataipiga kila wiki. Hoja hiyo ndiyo iliyonifanya niweke nafasi ndogo, mwishoni mwa rafu, ya santuri ninazozishika kwa ajili ya wengine. Mbili kati yake nimezinakili kwenye kompyuta kwa uangalifu na kuwapa wanaozihitaji kwa utafiti wao.

Kwa sasa mpango wangu unaendeshwa na ule ukuta. Albamu haiingii rafuni mpaka niwe nimeisikiliza mtandaoni mwanzo hadi mwisho mara kadhaa kwa utaratibu ule wa kusimama kila dakika 20, na rafu ikijaa, inayoingia huitoa nyingine. Muziki wa kusindikiza kazi bado unatoka mtandaoni na sina mpango wa kuubadilisha. Msanii aliye hai ninayempenda namnunulia santuri mpya, kwani iliyotumika haimfikishii kitu. Kwa wengine natafuta iliyotumika. Hivi karibuni niliuza santuri tatu nilizopewa zawadi na watu waliojua kwamba nina mashine, zote zikiwa albamu za kuheshimika ambazo sikuwahi kufika upande wa pili. Fedha yake ilitosha kununua sindano mpya, ambayo ile ya zamani, kwa hesabu ya saa zake, ilikuwa imeshaidai.